Xavier Maana Yake Nini?

Wako wazazi wapendao kumwita mtoto wa kiume Xavier. Huandikwa Xavery, na pengine Ksaveri, na bibi nyumbani hulitamka awezavyo. Jina si baya, wala silipingi. Nipingalo ni neno lisemwalo pamoja nalo, kwamba jina la Kizungu ndilo la Kikristo, na jina la ukoo ni la ushenzi.

Basi na tuulize maana yake. Mtakatifu Francisco alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Javier, nchi ya Navarra, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Jina la ngome hiyo latoka katika lugha ya Kibaski: etxe ni nyumba, berri ni mpya. Nyumba Mpya, basi! Si jina la malaika wala la mtume. Watu walimtaja kwa kwao tu, kama Wabondei na Washambaa wamtajavyo mtu kwa ukoo wake, Se huyu na She yule. Hata alipofika bandari ya Malindi mwaka 1542, akielekea Goa, lilikuwa jina la nyumba. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na jina likapata heshima kwa ajili yake, wala si yeye kwa ajili ya jina.

Wengine hujibu, “Sheria ya Kanisa yataka jina la mtakatifu.” Ni kweli, sheria ya Wakatoliki ya mwaka 1917 ilimwagiza padre aongeze jina la mtakatifu, kama wazazi hawakukubali jina la Kikristo. Walakini jina walilolichagua wazazi halikufutwa. Yaliandikwa yote mawili kitabuni. Na sheria ya mwaka 1983 yataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Je, Limo ni geni? Sehoza ni geni? Petro Limo na Samuel Sehoza walikuwa mapadre wa misheni ya UMCA, na majina ya kwao hayakuwazuia kusimama altareni.

Apendaye Xavier na ampe mwanawe, akijua kwamba amempa jina la nyumba ya watu wa Navarra. Lakini mtoto huandikwa shuleni kwa jina lake, la baba, na la babu. Akiwa Xavier John Peter, naye jirani yake ni Xavier John Paul, siku ya kugawa shamba la minazi wazee watajuaje yupi ni wa mlango gani?