Nyongeza ya mshahara, makato na daftari la mkopaji

Na Mwandishi Wetu

SERIKALI ya Tanzania ilipotangaza katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2025, mkoani Singida, kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai mwaka huo, shangwe zilikuwa kubwa na zilistahili. Ni mara chache mtumishi wa ngazi ya chini kuona nyongeza inayoonekana kwa macho.

Hata hivyo, ipo hesabu nyingine iliyobadilika siku hiyo hiyo, nayo haikupigiwa makofi. Kwa utaratibu wa utumishi wa umma, makato yote ya mtumishi hayatakiwi kuvuka theluthi mbili ya mshahara wake, ili abaki na angalau theluthi moja ya kumfikisha mwisho wa mwezi. Kwa mshahara wa Sh370,000, ukomo huo wa makato ulikuwa takribani Sh246,700. Kwa Sh500,000 ukapanda hadi Sh333,300. Kwa maneno mengine, katika kila Sh130,000 aliyoongezewa mtumishi huyo, zaidi ya Sh86,000 zilifunguliwa mlango wa kwenda kwa wakopeshaji kabla ya yeye kuzigusa.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo la madeni ya wafanyakazi wa mijini. Kanuni ya theluthi iliwekwa iwe ukuta wa kumlinda mtumishi. Kwa miaka mingi imegeuka kuwa kipimo cha kumkopesha: afisa mikopo hatazami mteja anahitaji nini wala nyumbani kwake wanakula watu wangapi, bali hutazama hati ya mshahara, hukokotoa nafasi iliyobaki hadi kufikia theluthi, na kiasi hicho ndicho huitwa "uwezo wa kukopa". Mfanyakazi naye, kwa kulisikia neno uwezo, huamini anao.

Ili jambo hili lieleweke, ni vyema kuchukua mfano wa mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa Sh1,000,000, aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Mchango wake wa pensheni katika mfuko wa PSSSF ni asilimia 5, yaani Sh50,000. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyowekwa mwaka 2021, kodi yake ni Sh115,500. Bima ya afya, asilimia 3, ni Sh30,000. Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani Sh150,000. Kabla hajakopa hata senti moja benki, jumla ya makato imefika Sh345,500 na mkononi kinabaki kiasi cha Sh654,500. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, ada yake nayo hutoka humo humo.

Kosa la kwanza la bajeti nyingi huanzia hapa. Mwenye mshahara huu hujitambulisha, na hupanga maisha yake, kama mtu wa milioni moja. Kodi ya nyumba, shule ya watoto na michango ya harusi hupimwa kwa milioni ambayo haijawahi kuingia katika akaunti yake.

Sasa mtumishi huyo akope benki Sh milioni 10 kwa miaka 6, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kiwango kisicho mbali na wastani wa riba za mabenki nchini katika miaka ya karibuni. Rejesho lake litakuwa kama Sh216,900 kila mwezi, na mkononi zitabaki takribani Sh437,600. Bado yumo ndani ya sheria, tena kwa macho ya mkopeshaji ana nafasi nyingine ya zaidi ya Sh100,000.

Baada ya miaka miwili atakuwa amelipa takribani Sh milioni 5.2. Wengi wanaofika hapo huamini kwamba nusu ya deni imekwisha. Ukweli ni kwamba salio bado ni kama Sh milioni 7.65, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho huishia kwenye riba. Ni katika kipindi hiki hiki ambapo mteja hushawishiwa kuongeza mkopo: deni la zamani hufutwa kwa jipya, hupewa tofauti taslimu, na saa ya miaka 6 huanza upya. Kuna watumishi waliofikia umri wa kustaafu wakiwa wamefanya hivyo mara nne au tano, pasipo mwezi hata mmoja wa kupokea mshahara usio na mkopo.

Hilo ni deni linaloonekana kwenye hati ya mshahara. Madeni yanayovunja kaya nyingi hayaonekani humo.

Mshahara wa mkononi ukishakuwa mdogo, pengo la kati ya tarehe 10 na tarehe 25 hujazwa kwa mikopo ya mitaani, ile ambayo wananchi wenyewe wameibatiza majina ya mikopo umiza na kausha damu. Dhamana yake mara nyingi ni kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia, wa kwanza kufika kwenye mashine ni mkopeshaji. Kanuni ya theluthi haina la kusema hapa, kwa sababu kwa mujibu wa kumbukumbu za mwajiri mtumishi huyu amepokea mshahara wake wote halali.

Bei ya mikopo hiyo huonekana ndogo kwa kuwa hutajwa kwa mwezi. Mtu aliyechukua Sh200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi hudaiwa Sh60,000 za riba kila mwezi. Akilipa riba pekee kwa miezi minne, ametoa Sh240,000, na zile Sh200,000 bado anadaiwa zote. Mkopo wa benki unaolalamikiwa kila siku ni nafuu kuliko huu kwa zaidi ya mara 20.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wa aina hii wapate leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), na riba kwa daraja la pili la watoa huduma hao iliwekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Lakini hata asilimia 3.5 ina sura mbili. Mkopo wa Sh1,000,000 wa miezi 12, riba ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, hugharimu riba ya takribani Sh242,000. Ikikokotolewa kila mwezi juu ya mkopo wa awali, kana kwamba hakuna kilicholipwa, gharama ni Sh420,000. Mkopaji huambiwa namba ile ile katika hali zote mbili. Swali la namna ya kukokotoa ndilo linalopaswa kuulizwa kabla ya kuweka sahihi.

Kisha ikaja simu. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni, miezi michache baada ya kutoa mwongozo kwa wakopeshaji wa aina hiyo. Malalamiko makubwa hayakuwa ya riba tu. Mkopaji aliyechelewa alikuta ndugu, wakubwa wake kazini na hata mafundi aliohifadhi namba zao wametumiwa ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu, na hilo likitokea katika nchi yenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Aibu hiyo ina athari ya kifedha: mtu huikimbia kwa kukopa kwingine.

Nchini Kenya hali haitofautiani sana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inakataza makato kuvuka theluthi mbili ya ujira, lakini makato mapya ya kisheria, yaani asilimia 1.5 ya nyumba za gharama nafuu na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024, yaliwakuta wafanyakazi ambao nafasi yao ilikwishajazwa na mikopo ya benki na vyama vya ushirika. Tanzania ilipitia jambo kama hilo pale makato ya HESLB yalipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Kwa mwenye mshahara wa milioni moja, Sh70,000 ziliondoka kwa mwezi, na bajeti iliyokuwa imepangwa hadi shilingi ya mwisho haikuwa na mahali pa kuzitoa.

Katika mazingira haya, ushauri wa kuandika mapato na matumizi unaweza kuonekana kama dhihaka. Atakayeandika nini, huuliza wengi, wakati fedha yenyewe haipo? Hoja hiyo ina uzito, na si haki kumlaumu mwenye kipato kidogo kana kwamba umaskini wake umetokana na kutojua kujumlisha. Lakini daftari lina kazi nyingine zaidi ya kubana matumizi. Kazi yake ya kwanza ni kuonyesha madeni yote mahali pamoja: nani anadai, salio ni kiasi gani, riba ni kiasi gani kwa mwezi. Wadaiwa wengi wanajua marejesho yao kwa kichwa, ila salio hawalijui.

Ukurasa huo ukishaandikwa, mpangilio wa kulipa hubadilika. Tuseme mtumishi yule yule ana deni la benki, Sh200,000 za mtaani kwa asilimia 30, na Sh150,000 za kikoba kwa asilimia 5 kwa mwezi. Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo kuliko yote, kwa kuwa kulimaliza hutia moyo. Kwa hesabu hii ushauri huo ni ghali. Kila mwezi deni la mtaani linapoachwa, Sh60,000 zinapotea moja kwa moja, ilhali riba ya kikoba ni Sh7,500, tena sehemu yake humrudia mwanachama wakati wa mgao. Tatizo ni kwamba kikoba kina macho. Wanachama hukutana kila wiki, na kushindwa mbele ya majirani huuma kuliko kushindwa mbele ya mkopeshaji. Ndiyo maana wengi hukopa kausha damu ili walipe kikoba, jambo ambalo kwa hesabu ni wazimu na kwa maisha ya mtaani linaeleweka kabisa. Kuuomba uongozi wa kikundi muda zaidi ni nafuu kuliko kukwepa aibu ya jioni moja.

Deni la HESLB, kwa upande wake, ndilo la mwisho kuhangaikiwa. Tangu ilipofutwa mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, salio lake haliongezeki. Anayepata fedha ya ziada na kuipeleka huko huku akidaiwa mtaani analipa deni lisilozaa na kuacha linalozaa.

Kuhusu matumizi ya kila siku, mkazi wa mjini ana msaada ambao kizazi cha daftari la karatasi hakikuwa nao. Kila muamala wa simu huacha ujumbe wenye kiasi, ada na salio. Kuzipitia jumbe hizo jioni ya Jumapili huchukua dakika chache na hufichua mambo ambayo kumbukumbu huyasahau, hasa ada za kutuma na kutoa. Yasiyopita kwenye simu ndiyo ya kuandika kwa mkono. Nauli ya daladala ya Sh600, iliyopangwa na LATRA Desemba 2023 kwa safari zisizozidi kilomita 10, haionekani kuwa kitu. Kwa anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 22 za kazi ni Sh52,800, karibu sawa na riba ya mwezi ya ule mkopo wa mtaani.

Kinachozishinda bajeti nyingi, hata hivyo, si nauli wala vocha. Ni matukio yenye tarehe inayojulikana yanayopokelewa kama ajali. Januari huja kila mwaka na sare na madaftari yake, hata baada ya ada kufutwa katika shule za umma, kuanzia za msingi hadi kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kodi ya nyumba ya miezi sita ina siku yake. Kadi ya mchango wa harusi hufika miezi kadhaa kabla. Gharama ya namna hiyo ya Sh240,000 ikigawanywa kwa miezi 12 ni Sh20,000 za kuweka kando. Isipogawanywa, hukopwa yote kwa wiki moja.

Julai 2025 BoT ilishusha riba yake kuu kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Hatua kama hizo hupita kwa mabenki na huchukua muda kumfikia mwenye mkopo wa mshahara. Kwa aliyeacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji wa mtaani, riba ya mwezi huo ilibaki ile ile waliyokubaliana.