Spika za bei ghali: Soko la Kajiado lipo, ila lina masharti

KAUNTI ya Kajiado ilikuwa na wakazi 687,312 mnamo 2009. Kufikia sensa ya 2019, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 1,117,840, huku miji kama Kitengela na Ongata Rongai ikipokea watu wengi wanaofanya kazi Nairobi.

Mfanyabiashara wa spika za hadhi ya juu, hasa zile zenye amplifaya ndani yake, anaweza kuitazama takwimu hiyo akaona soko jipya. Hata hivyo, wingi wa watu si wingi wa wanunuzi.

Katika spika ya kawaida, amplifaya ya nje hutuma nguvu ndani ya sanduku, kisha besi na sauti nyembamba zikagawanywa humo. Katika spika hizi, mgawanyo hufanyika kwanza, na kila koni ikapata amplifaya yake. Kampuni ya Genelec ya Finland ilianza kuziunda mnamo 1978, na miongoni mwa wateja wake wa kwanza lilikuwa shirika la utangazaji la nchi hiyo, YLE.

Wapenzi wa sauti safi wanaosikiliza muziki nyumbani ni wachache. Isitoshe, wengi wao hufurahia kujichagulia amplifaya. Aliyekwisha kugharimika kwa yake haoni sababu ya kununua nyingine iliyofungiwa ndani ya spika.

Tumaini kubwa basi limo katika studio ndogo zinazorekodi nyimbo za injili, kwaya, muziki wa Kimaasai na matangazo ya biashara. Kwa mtayarishaji wa muziki, spika ni chombo cha kazi kama mizani ilivyo kwa muuza nyama. Ikidanganya, mteja ndiye anayepunjwa.

Tatizo ni kwamba mizani hiyo huharibiwa na chumba. Studio nyingi za mitaani huwekwa katika vyumba vya kupanga, vyenye kuta tupu za mawe na sakafu ya vigae. Kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 huvumisha besi ya karibu hezi 57.

Mtayarishaji akisikia mvumo huo hudhani besi imezidi, akaipunguza. Wimbo ukichezwa ndani ya matatu ya kwenda Nairobi, unasikika umekonda. Spika ghali haiponyi ugonjwa huo. Kwa kuwa hufikia besi ya chini zaidi, huenda ikauzidisha.

Kuna pia gharama za kuingiza bidhaa nchini. Mbali na ushuru wa forodha, mnunuzi hubeba ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16, ada ya tangazo la uagizaji ya asilimia 2.5 na, tangu Desemba 2024, tozo ya reli ya asilimia 2.

Umeme nao ni hoja. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi. Umeme unaporudi kwa kishindo, vifaa vya elektroniki ndivyo huumia. Amplifaya ya nje ikiungua, hubadilishwa kwa siku moja. Ya ndani ikiungua, spika nzima hupelekwa kwa fundi, na kazi husimama.

Kwa hivyo, muuzaji atakayefaulu Kitengela au Kajiado mjini ni yule atakayeuza huduma pamoja na sanduku: vipuri, fundi aliye karibu, dhamana inayoheshimiwa na ushauri kuhusu chumba.

Naye kijana anayepanga kukopa ili anunue spika hizo ana hesabu rahisi ya kufanya. Mapazia mazito, magodoro ya sufi kwenye pembe na kifaa cha kudhibiti umeme vitangulie. Baada ya hapo, spika ya bei ya wastani inaweza kumtosha hadi kazi yenyewe ilipie iliyo bora. Mkopo hulipwa kwa nyimbo zilizokubaliwa na wateja, si kwa jina lililoandikwa juu ya spika.