Swichi Ndogo, Hasara Kubwa

Wahenga walinena, mdharau mwiba mguu huota tende. Kamera ya renjifainda humtaka mpigapicha alinganishe taswira mbili kwa mkono hadi ziungane, kisha abonyeze. Katika Leica M8 ya mwaka wa 2006, kitufe hicho kilizungukwa na swichi ya vituo vinne: kuzima, picha moja, picha mfululizo na kuchelewesha. Swichi ilipoteleza, kamera ilihesabu sekunde huku tukio likipita. Ni kweli, vituo hivyo vilimwepushia mtumiaji kupekua menyu. Hata hivyo, kinachohitajika mara chache hakifai kukaa chini ya kidole kinachofanya kazi daima. M10 ya mwaka wa 2017 ilibakiza kuwasha na kuzima pekee. Wabunifu hawana budi kuanza na kidole, si orodha ya uwezo.