Vitendawili kwanza, simu baadaye

Mei 2025 Uganda Airlines ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Entebbe hadi London Gatwick, na kwa mtoto wa Lubaga, Kampala, hizo ni zaidi ya saa nane kitini. Wazazi wengi huwapa watoto simu kabla gari halijapita Busega, njiani kwenda uwanja wa ndege. Ndege ikipaa, chaji imekwisha na mtoto keshaichoka. Anzeni na mdomo, kwa vitendawili vya Kiganda: bibi aseme “Kkoyi kkoyi”, wajukuu waitikie “Lya”. Fumbo gumu hula muda mrefu. Mchezo wa mweso ubaki nyumbani, maana kete 64 zikimwagika mtazisaka chini ya viti vya wenyewe. Ndege ikianza kushuka, watoto wakubwa wapeni pipi, wachanga wanyonyeshwe. Kumeza huzibua masikio. Simu itolewe bibi akishasinzia.