Mali Bila Daftari

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mfanya biashara wa Kasulu na Kibondo aijua methali hiyo. Lakini ingia dukani mwake umwulize daftari liko wapi: utaonyeshwa vikaratasi vya madeni vilivyochomekwa kwenye msumari, na mengine yote yamo kichwani. Ukimshauri aajiri karani wa hesabu, atacheka.

Wako wanaosema ndugu zetu hawa ni wajinga. Wanawaonea. Sababu wanazo, na yafaa tuzitazame.

Ya kwanza ni gharama. Mwenye duka la Makere, au muuza maharage wa Mabamba, hapati faida ya kumlipa mtu mshahara kila mwezi. Katika hili asema kweli.

Ya pili ni siri. Karani huijua mali yote ya tajiri wake. Mwenye duka aogopa habari zisifike kwa jamaa, kwa mshindani wake, na zaidi kwa mtoza kodi. Tena aogopa kwamba mtu ajuaye hesabu kuliko yeye atamwibia kwa kalamu.

Ya tatu ni ya zamani. Wakati wa Mwingereza, biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Waarabu na Wahindi, na vitabu vyao viliandikwa na watu wa nyumba zao wenyewe. Mha yeye aliandikwa manamba akapelekwa kwenye katani. Daftari alilolijua lilikuwa la kodi ya kichwa na la mkataba: kitabu cha kumdai, si cha kumlinda.

Lakini Mwingereza aliondoka mwaka 1961, na hofu hii sasa yatutoza sisi wenyewe. Tazameni Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Mfanya biashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yalizidi shilingi milioni 4 bila kupita milioni 7 aliwekewa njia mbili. Asiye na kumbukumbu alipe shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alipe asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Basi aliyeuza milioni 5 na kuandika alitakiwa shilingi 30,000. Jirani yake aliyeuza sawasawa naye bila kuandika alitakiwa 100,000. Shilingi 70,000 zilikwenda kwa kukosa kalamu! Nani hapo aliyeficha mali yake, na nani aliyeitupa?

Hatusemi kila duka liwe na karani wake. Twasema maduka kumi yawe na karani mmoja, azungukie kila duka kwa siku yake, alipwe na wote. Wakulima wa kahawa wa Manyovu waujua mpango huu: mkulima mmoja hawezi kumlipa katibu, lakini chama cha ushirika chaweza. Karani aandike ahadi ya kutunza siri. Asishike fedha, ashike kalamu tu, na kila miezi mitatu mtu mwingine akague kazi yake. Hapo mwizi wa kalamu atapata wapi nafasi?

Nao wataalamu wa hesabu tuna neno nao. Mwenye duka hawezi kuamini kitabu asichoweza kukisoma. Hesabu zake ziandikwe kwa Kiswahili, na mwisho wa mwezi aelezwe mbele ya kitabu: kilichoingia ni hiki, kilichotoka ni hiki, wanaodaiwa ni hawa.

Vijana waliomaliza shule na kujua hesabu tunao, wanangoja kazi. Matawi ya Chama yawakutanishe na wenye maduka. Lakini kwanza kila tawi lifungue daftari lake la ada na michango mbele ya wanachama. Hatuwezi kumhimiza mwenye duka aandike, hali sisi wenyewe twaweka hesabu kichwani.