Historia Inaliwa na Chumvi?

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kabonga. Kabla sijatua begi, baba mdogo aliniuliza mbele ya watu waliokuwa wakikamua mawese: "Mwanangu, hiyo historia inaliwa na chumvi au bila chumvi?" Wakacheka, nami nikacheka. Swali lilikuwa la haki, kwa sababu ada yangu inatoka kwenye mawese yale yale. Binamu yangu anasoma uhasibu, mtoto wa jirani informatika. Mimi peke yangu ndiye ninayesomea, kama wanavyosema, watu waliokufa.

Sitamdanganya baba mdogo kwamba historia itanipa kazi. Lakini naye asinidanganye kwamba uhasibu una kazi inayomngoja mtu mlangoni. Namjua mhitimu wa uhasibu anayeuza vocha za simu Nyanza-Lac, na mwingine anayevusha dagaa. Hakuna anayewauliza kama uhasibu unaliwa na chumvi.

Dharau hii haiko kwetu tu. Uganda iliamua kwamba mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipwe shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa historia au fasihi akibaki nyuma kwa mbali. Juni 2022 walimu wa sanaa wakagoma. Walikuwa wakifundisha watoto wale wale, kwa chaki ile ile!

Sasa nimkumbushe baba mdogo jambo analolijua kuliko mimi. Mwaka 1972 babu alikimbia kutoka hapa kwa mtumbwi hadi Kigoma, akaishia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Huko ndiko nilikozaliwa. Tuliporudi mwaka 2008 nilikuwa na miaka mitano, Kiswahili tele mdomoni na Kirundi cha kuokoteza. Shamba la babu tulilikuta na familia nyingine. Watoto wao walizaliwa pale, na makaburi yao yalikuwa pale. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimlinda mtu aliyekalia shamba kwa miaka 30. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 nao ulitaka mkimbizi arudishiwe ardhi yake au alipwe fidia ya haki. Kila upande ulikuwa na karatasi ya kushika, na kila upande ulikuwa na panga nyumbani.

Akaja mpimaji. Alipima vizuri, simbezi. Lakini kamba yake haikujua nani alipanda michikichi, wala kama wale jirani walinyang'anya au walipewa. Hayo yaliulizwa na mwalimu mmoja wa historia wa sekondari, ambaye wazee walimwomba akae na daftari. Alimsikiliza kila mzee peke yake, kisha akalinganisha maneno. Aliyesahau tarehe alimuuliza mtoto gani alikuwa mgongoni wakati ule. Waliobaki aliwasikiliza kwa Kirundi, sisi tuliorudi kwa Kiswahili. Ikaonekana kwamba ile familia ilionyeshwa shamba na wakuu wa wakati huo, na haikuwahi kuambiwa ni la nani. Daftari liliposomwa hadharani, babu aliacha kumwita yule mzee mwizi. Shamba likagawanywa nusu kwa nusu. Babu hakuridhika mpaka anakufa, lakini hakuna aliyekatwa panga. Naomba nionyeshwe somo la "kuleta kazi" ambalo lingefanya hivyo.

Kule Arusha wenye mkataba walikubaliana pia kwamba historia ya Burundi iandikwe upya. Nani ataiandika, kama kila kijana mwenye akili anasukumwa kwenye kompyuta?

Lakini sisi wenyewe tuna aibu yetu. Tunapewa silabasi iliyonakiliwa hadi herufi zimefifia, tunakariri tarehe, tunazitapika kwenye mtihani. Nimesoma miaka miwili bila kutumwa hata mara moja kwenda kumsikiliza mzee. Elimu ya namna hiyo hailiki kweli, hata ukiitia pilipili. Wanaotucheka wanacheka hicho wanachokiona, na kwa hapo siwezi kuwalaumu.

Baba mdogo anataka nihamie informatika mwaka ujao. Amesema hiyo ndiyo atakayoilipia. Sikubishana naye. Nilimwomba tu anisimulie siku ya kugawa shamba, maana yeye ndiye aliyeshika ncha ya kamba upande wetu. Alikataa, akasema mambo hayo yamekwisha. Baada ya kula, taa za wavuvi zikiwa zimejaa ziwani, akavuta kiti karibu nami. "Haya, washa hiyo simu yako," akasema. Alizungumza hadi chaji ikaisha. Kuhusu ada bado hajaniambia kitu.