Ilani ya Butare: Utafiti Upimwe Pale Ulipofika

Sisi wa Butare, sekta ya wilaya ya Rusizi, wala si ule mji wa Butare wa wilaya ya Huye tunaoshirikiana nao jina, tulio walimu, wanafunzi, mabwana shamba na wakulima, leo tunaanzisha vuguvugu. Tunadai utafiti unaofanywa katika ardhi yetu upimwe pia kwa jinsi unavyotufikia.

Lililotuamsha ni yungiyungi la Mashyuza. Mwaka 1987 Eberhard Fischer, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alilikuta kwenye tope vuguvugu kando ya chemchemi za maji moto za Mashyuza, humuhumu Rusizi. Hakuna yungiyungi dogo kuliko hilo duniani. Jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Mwaka 1988 likatangazwa kwa jina la Nymphaea thermarum, katika makala ya Kijerumani. Kisha maji ya chemchemi yakachepushwa, tope likakauka, na kufikia 2008 likahesabiwa limetoweka porini. Likabaki likilelewa Bonn na London. Januari 2014 mche mmoja ukaibwa katika bustani ya Kew, na habari ikazunguka dunia nzima mitandaoni.

Anayehesabu kelele za mtandaoni ataona kilele pale penye wizi. Sisi tunaona kwingine: msomaji aliyehitajika ni mtu wa hapahapa, kabla maji hayajachepushwa, na makala haikumfikia. Mwaka 2023 yungiyungi lilionekana tena Rusizi. Hatutaki lipotee mara ya pili kwa sababu ileile.

Kuhusu hesabu hizo za mtandaoni, Oktoba 2010 mtafiti Jason Priem na wenzake watatu walitoa ilani yao: kurejelewa na wasomi wengine huchukua miaka, basi tutazame pia makala inavyojadiliwa mtandaoni. Tunawashukuru kwa dhati. Mwaka uliofuata kampuni ya Altmetric ilianzishwa London. Hufuatilia makala inavyotajwa kwenye habari, Wikipedia, nyaraka za sera na mitandao ya kijamii, kisha huipa alama. Lakini kwa kawaida mizani hiyo hufuata kiungo au namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala. Mazungumzo ya redio, ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mkutano wa kijiji baada ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, yote hayo haiyaoni, na kwetu ndiko habari zinakopita.

Kwa hiyo kila makala kuhusu Rusizi iambatane na muhtasari wa Kinyarwanda na wa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini mwetu mwaka 2017 na tunayozungumza na jirani zetu wa Bukavu. Muhtasari ubebe namba ya makala, ili safari yake ionekane. Chuo kinapompandisha mtu cheo kiulize nani ametumia kazi yake, kisitosheke na alama moja, maana akaunti za bandia huweza kuipandisha. Ilani ya Leiden ya 2015 kuhusu vipimo vya utafiti ilikwisha kutaka utafiti wenye umuhimu wa mahali ulindwe. Tunataka kuuona ulinzi huo hapa.

Nasi hatutakaa kungoja. Kila kijiji kitafungua daftari: makala ipi imefika, kwa njia gani, nani ameuliza swali, nini kimebadilika shambani au kwenye maji. Ukurasa wa kwanza ni wa Mashyuza. Tunaomba makala ya 1988 itafsiriwe, isomwe kwa sauti palepale kwenye chemchemi, na maswali yatakayoulizwa siku hiyo yaandikwe yote.